Shule Isiyo na Mwenyewe

Mjini Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, iko shule inayoitwa Punahou, ambayo Wamarekani huihesabu miongoni mwa shule huru za kutwa, za wavulana na wasichana pamoja, zinazomwandaa mwanafunzi kuingia chuo kikuu. Wengi wetu tunaijua kwa jambo moja tu, kwamba Barack Obama alisoma pale tangu darasa la tano mwaka 1971 hadi alipohitimu mwaka 1979. Mimi imenishughulisha kwa sababu ya neno lile la kwanza, huru. Kwa mazoea yetu tungeiita shule binafsi, na hapo ndipo tunapokosea, kwa kuwa shule binafsi tunayoijua sisi ina mwenyewe. Kuna mzee fulani au mama fulani aliyeianzisha, watu huitaja shule kwa jina lake hata kama ubao wa getini una jina la mtakatifu, na siku akiugua wazazi huanza kuulizana kama muhula ujao itafunguliwa. Punahou imekuwapo tangu mwaka 1841 na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuirithi.

Lugha yetu haikosi neno la kitu kama hicho. Watu wa mwambao wamekuwa na wakfu kwa karne nyingi: shamba la minazi, kisima au nyumba ya kupangisha ambayo mwenye mali ameitoa ili mapato yake yatunze msikiti au madrasa, na tangu siku hiyo haiuzwi, hairithiwi wala hagawiwi mtu. Shule huru ya Kimarekani, ukiivua majina yake ya kisheria, ni wakfu wa namna hiyo. Inaendeshwa na bodi ya wadhamini. Inaishi kwa ada za wazazi, michango ya waliosoma pale zamani na faida ya mtaji uliowekezwa. Na ziada ikipatikana haiingii mfukoni mwa mtu. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko ile ya majengo na mabwawa ya kuogelea ambayo wageni hupenda kuyapiga picha. Mwenye shule aliye mfanyabiashara mwema anaweza kumsamehe mtoto mmoja ada, lakini anamsamehe kutoka mfukoni mwake, na akibanwa na mkopo wa benki huruma hiyo ndiyo ya kwanza kukatwa. Bodi ya wadhamini haitoi cha mtu. Ikimnyima mtoto maskini nafasi, inapaswa kujibu swali ambalo mwenye biashara haulizwi: mali hii iliwekwa kwa ajili ya nani?

Kwa Punahou, swali hilo limekuwa gumu tangu siku ya kwanza. Ardhi yake ilikuwa ya Wahawaii. Mwaka 1829 chifu Boki, akisukumwa na Malkia Ka'ahumanu aliyekuwa amekwisha kuukubali Ukristo, alimpa ardhi hiyo mmishenari Hiram Bingham. Wamishenari wale walitoka New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, na dhiki yao kubwa ilikuwa watoto: mtoto akifikia umri wa kusoma, ilibidi apandishwe merikebu, azungushwe Rasi ya Horn kwa safari ya miezi, akaishi na jamaa ambao hajapata kuwaona, na mama aliyemuaga bandarini hakujua kama atamwona tena. Shule ilifunguliwa tarehe 11 Julai 1841 ili utengano huo ukome. Mwalimu alikuwa Daniel Dole na wanafunzi walikuwa 15, wavulana kwa wasichana. Jina Punahou maana yake ni chemchemi mpya, na chemchemi yenyewe iko hadi leo katika uwanja wa shule, maji yake yakiingia hadi ndani ya kanisa. Juu ya ukuta wa mawe unaouzunguka uwanja umetambaa mmea wa jamii ya mpungate, uliopandwa mwaka 1836 na Sybil, mke wa Bingham, ambao maua yake meupe hufunguka usiku na kunyauka kunapopambazuka.

Basi ilikuwa shule ya watoto wa watu fulani. Miaka mitano kabla yake, wamishenari wenzao walikuwa wamefungua shule nyingine huko Hilo, katika kisiwa kikubwa, nayo ilikuwa ya bweni, kwa ajili ya wavulana wa Kihawaii. Kule Hilo kazi ya mikono ilikuwa sehemu kubwa ya mafunzo: vijana walilima, walijifunza useremala, walijilisha kwa jasho lao. Kule Punahou watoto wa wamishenari, ingawa jembe nao hawakulikosa, walisoma Kilatini na Kigiriki ili siku moja wapokelewe na vyuo vya New England. Watu wale wale, dini ile ile, visiwa vile vile, na mitaala miwili. Mtoto mmoja aliandaliwa kwa chuo kikuu, mwenzake aliandaliwa kwa shamba, na uamuzi ulikuwa umekwisha kufanywa kabla ya yeyote kati yao kujua kusoma.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu lilitufikia sisi. Mmoja wa vijana waliosoma Punahou alikuwa Samuel Chapman Armstrong, aliyezaliwa Maui mwaka 1839, mtoto wa mmishenari. Alikwenda Marekani bara kusoma, akapigana upande wa Muungano, yaani majimbo ya kaskazini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na kuongoza askari weusi, kisha mwaka 1868 akaanzisha Taasisi ya Hampton huko Virginia kwa ajili ya Wamarekani weusi waliotoka utumwani. Mfano aliouchukua haukuwa wa Punahou alikosoma yeye. Alichukua wa Hilo. Mwanafunzi wake maarufu, Booker T. Washington, aliupeleka mfano huo Tuskegee mwaka 1881, na Tume ya Phelps-Stokes, iliyotumwa na mfuko wa hisani wa Kimarekani kuchunguza elimu ya Waafrika, ilipozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, mwalimu James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo) akiwamo, ilikuja na Hampton na Tuskegee kama kielelezo cha elimu inayomfaa Mwafrika. Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School pale Kabete, nje ya Nairobi, kuwafunza walimu wa vijijini usafi, kilimo na ufundi.

Silidharau jembe. Nyerere alipotaka mwaka 1967 kazi ya shamba iingie shuleni, alitaka iingie kwa watoto wote, akiwamo mtoto wa waziri, na hilo ni jambo la heshima. Ninachokilaumu katika njia ile ndefu kutoka Hilo hadi Kabete ni mtu kuketi upande mmoja wa meza na kumwamulia mtoto wa mwenziwe kiwango cha juu anachoweza kufika, huku wa kwake akimtafutia mwalimu wa Kilatini. Shule inayomwandaa mtoto kwa chuo kikuu ina sifa moja ninayoithamini kuliko nyingine zote: inamchukulia kila aliyeingia kuwa ni mtu wa kufika chuo kikuu, na inapanga ratiba, walimu na maktaba kwa kuamini hivyo. Shule nyingine nyingi humtaka mtoto kwanza athibitishe kwamba anastahili kuaminiwa.

Watu wetu waliliona jambo hilo mapema. Peter Mbiyu Koinange wa Kiambu alikwenda Hampton mwaka 1927, akaendelea na masomo ya juu Ohio na New York, na aliporudi Kenya akaanzisha Githunguri, mwaka 1939, chuo cha walimu kwa ajili ya zile zilizoitwa shule huru za Wakikuyu. Shule hizo zilizaliwa katika ugomvi na wamisheni, na moja ya sababu, utetezi wa tohara ya wasichana, siwezi kuiunga mkono. Lakini tazama mali ilikuwa ya nani. Haikuwa ya misheni, haikuwa ya serikali, na haikuwa ya Koinange. Marika yalishindana kuchangia Githunguri; kina mama walichangishana fedha za bweni la wasichana. Wazazi ambao wengi wao hawakujua kusoma walijenga shule ambayo hakuna kati yao aliyeweza kusema ni yake peke yake, na walidai humo Kiingereza na masomo kamili ya darasani, yale ambayo watawala waliona si ya lazima kwa watoto wao. Serikali ya kikoloni ilizifunga mwaka 1952, hali ya hatari ilipotangazwa. Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba shule huru ni desturi ya matajiri wa Marekani ambayo haina mizizi kwetu, namkumbusha Githunguri.

Turudi Honolulu. Mwaka 1959 aliwasili huko kijana wa Kijaluo, Barack Obama wa kwanza, baba wa yule aliyekuja kuwa rais, mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika katika Chuo Kikuu cha Hawaii. Alikuwa ameondoka Maseno bila kumaliza, akajiendeleza kwa masomo ya posta, usiku, akiwa karani Nairobi na mwenye familia. Hakuna shule iliyomwandaa. Mwanawe alipoingia Punahou miaka kumi na miwili baadaye, aliingia kwa msaada wa ada na kwa neno la bosi wa babu yake, aliyekuwa amesoma pale. Nalitaja neno hilo kwa makusudi. Kipaji alikuwa nacho, lakini mlango ulifunguliwa na mtu aliyewajua waliomo ndani, na ni lazima tujiulize ni watoto wangapi wa Honolulu wenye kipaji kama chake ambao babu zao hawakuwa na bosi wa aina hiyo.

Mwenyewe amesimulia siku zake za kwanza darasani: alipotaja kabila la baba yake, mtoto mmoja aliligeuza neno Mjaluo kuwa mlio wa nyani, msichana mmoja akaomba amguse nywele, mvulana mmoja akauliza kama baba yake anakula watu. Katika darasa lile kulikuwa na mtoto mwingine mweusi mmoja tu. Mwalimu wake, Mabel Hefty, alikuwa amepata kufundisha Kenya, na ndiye aliyemuuliza kabila la baba yake kwa nia ya kumheshimu. Desemba mwaka ule baba alikuja Hawaii kwa mwezi mmoja, na mwalimu akamwalika azungumze na darasa. Mtoto alitamani ardhi ipasuke immeze. Baba akasimama mbele ya watoto wale akawaeleza nchi yake, wanyama wake, mila za Wajaluo, na jinsi Wakenya walivyopigania uhuru wao kwa Waingereza. Alipomaliza walimpigia makofi, na yule mvulana aliyeuliza kuhusu kula watu akasema kwamba baba huyo ni mtu wa maana. Mwanawe hakumwona tena. Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara ninayemfikiria ni mwalimu. Ada iliyolipwa na mfuko wa shule ilimwingiza mtoto darasani. Kumfanya awe mmoja wa darasa kulihitaji mtu anayejua kwamba Kenya ni mahali wanapoishi watu.

Sitaki msomaji adhani naipamba Punahou. Mwaka 1851 ilitangaza kwamba iko wazi kwa watoto wa rangi na dini zote, na ni kweli kwamba Sun Yat-sen, baba wa jamhuri ya China, alisoma pale kwa muda mfupi mwaka 1883, lakini kwa miongo mingi iliendelea kuwa shule ya Wazungu wa visiwani, na watoto wenye asili ya Asia waliwekewa kikomo cha idadi. Mtoto wa mwalimu wa kwanza, Sanford Dole, mwanafunzi wa pale pale, ndiye aliyeshika uongozi baada ya Malkia Lili'uokalani kupinduliwa Januari 1893, akawa rais wa jamhuri ambayo Wahawaii hawakuiomba. Leo shule ina wanafunzi wapatao 3,700 kwenye ekari 76, na ada yake kwa mwaka ni zaidi ya dola 30,000. Watu wa Honolulu wana desturi ya kumuuliza mgeni wa mazungumzo alisoma sekondari gani, na jibu huwaambia mtaa, kipato na mara nyingi hata ukoo. Hawaii ni miongoni mwa majimbo ya Marekani yenye sehemu kubwa kabisa ya watoto walio nje ya shule za serikali. Tunalijua hilo hapa kwetu, Dar es Salaam, Nairobi na Kampala: daktari, wakili na mbunge wakishawaondoa watoto wao katika shule za serikali, choo kikiharibika huko hakuna mzazi mwenye sauti ya kumfikia mkurugenzi.

Kinachonifanya nisiitupe shule hii pamoja na makosa yake ni namna inavyolazimika kulijibu swali lile la mali ya nani, hata kwa vitendo vidogo. Kila mwaka, mwanzoni mwa Februari, wanafunzi wa mwaka wa kumi na moja huendesha tamasha la siku mbili katika uwanja wa shule. Lilianza mwaka 1932 kwa ajili ya kuchangia kitabu cha picha cha mwaka; siku hizi mapato yake huingia katika mfuko wa kuwasaidia wasioweza kulipa ada. Mji mzima huja. Foleni ndefu kuliko zote huwa ya malasada, andazi la Kireno lisilo na tundu, ambalo hukaangwa likavimba, likagaragazwa kwenye sukari lingali la moto na kutiwa katika mfuko wa karatasi ambao hapo hapo unaanza kuota madoa ya mafuta. Wanaokaanga na kuuza ni wanafunzi, wazazi na wahitimu wa miaka iliyopita. Najua kwamba maandazi hayawezi kulipa tofauti kati ya dola 30,000 na mshahara wa mfanyakazi wa hoteli, na mfuko ule haupati fedha zake tamashani tu. Lakini kijana wa miaka kumi na saba aliyesimama kwa muda wa saa nne mbele ya karai la mafuta kwa ajili ya ada ya mtoto asiyemjua amefundishwa jambo kuhusu umiliki wa shule yake ambalo wanafunzi wetu wa shule za gharama hawafundishwi.

Wetu wanafundishwa kinyume chake. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alikuwa katika shule moja ya binafsi ambayo sitaitaja. Alipomaliza mtihani wa kidato cha pili, mama yake aliitwa ofisini akaambiwa kwamba wastani wa binti ni 58 na shule inataka 60. Fomu ya uhamisho ilikuwa mezani, jina limeshaandikwa, muhuri umeshagongwa. Kilichobaki ni sahihi ya mzazi. Hakuna aliyeuliza kwa nini binti aliyeingia akiwa wa kwanza katika hisabati alishuka, wala aliyetaja kwamba mwalimu wa hisabati alikuwa amebadilishwa mara tatu mwaka ule. Shule iliyopokea ada zake kwa miaka miwili ikiahidi kumfikisha chuo kikuu ilimtoa ili wastani wake usiende naye kwenye mtihani wa taifa. Baraza la Mitihani la Tanzania limeacha kutangaza shule kumi bora tangu matokeo ya mwaka 2022, nami naliunga mkono kwa dhati, ila mchujo haujakoma, kwa kuwa mabango ya barabarani bado yanatangaza daraja la kwanza ni wangapi. Mwenye shule anauza matokeo. Mtoto dhaifu kwake ni bidhaa yenye kasoro.

Jambo la kutwa nalo nisilipite. Kwetu mzazi anayemtakia mtoto makuu humpeleka bweni, na anadhani shule ya kutwa ni ya aliyekosa fedha. Serikali ya Tanzania ilipotoa waraka mwaka 2023 wa kuzuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, malalamiko yalikuwa mengi. Punahou ilianzishwa na wazazi waliochoka kutenganishwa na watoto wao, na yule mtoto wa Mkenya, ambaye kwa miaka kadhaa ya masomo yake mama yake alikuwa Indonesia na baba yake Nairobi, alitembea mitaa michache tu jioni hadi nyumba ya babu na bibi. Aliyoyapata shuleni, mazuri kwa mabaya, yalikuwa na pa kusemwa usiku ule ule. Shule ya kutwa haiwezi kujifanya ndiyo mzazi, na kwa hiyo inalazimika kuzungumza na mzazi. Shule ya bweni huweza kukaa muhula mzima bila kuulizwa neno.

Shule nyingi za binafsi za Tanzania zilianzishwa baada ya sera ya elimu ya mwaka 1995 kuwafungulia watu binafsi njia, na waanzilishi wengi sasa ni wazee. Baadhi yao walitoa kiinua mgongo chote, wakafyatua matofali kwa mikono yao, wakafundisha bila mshahara miaka ya mwanzo, na nawaheshimu. Warithi wao wengi ni wahandisi, wafanyabiashara, au wako ng'ambo. Sheria ya kusajili wadhamini ipo, Sura ya 318, na misikiti, makanisa na vyama vimeitumia kwa miaka mingi. Mwanzilishi anaweza kuikabidhi shule yake kwa wadhamini angali hai, akabaki mmoja wao, akalipwa pango la ardhi yake kwa muda kama anahitaji chakula cha uzeeni, na akaandika ndani ya hati mambo mawili ambayo mimi ningeyadai kama mzazi: kwamba sehemu fulani ya nafasi za kila mwaka ni ya watoto wasioweza kulipa, na kwamba mtoto aliyekwisha kupokelewa hataondolewa kwa sababu ya wastani. Wazazi nao, badala ya kuuliza tu daraja la kwanza ni wangapi, waulize kidato cha kwanza waliingia wangapi na kidato cha nne wamefika wangapi. Hesabu hiyo iko katika kitabu cha mahudhurio cha kila shule, na mwalimu mkuu anaweza kuisoma papo hapo, mzazi akiwa bado ameketi mbele ya meza yake.